Mwalimu wa Karate Naye Akaguliwe

Habari za vyuo vya karate na judo nchini mwetu hufanana. Kuna picha ya vijana waliojipanga mistari miwili, mwalimu kakaa katikati na mkanda wake mweusi, na maelezo kwamba fulani na fulani wamepanda daraja au timu imerudi na medali kutoka mashindano ya mkoa. Hapo chini hufuata maneno mazuri: nidhamu, heshima, uvumilivu, kujiamini. Wazazi huyapenda maneno hayo, nami nayapenda. Ila katika habari hizo sioni jibu la swali ambalo mzazi wa Simbo, kata yetu ya Kigoma, anapaswa kuuliza kabla ya kumruhusu mwanawe aende mazoezini jioni: mwalimu huyo anaitumiaje nguvu tuliyompa juu ya mtoto?

Nguvu yenyewe si ndogo. Mwalimu wa hesabu akimkamata mwanafunzi ukosi na kumbwaga chini, kijiji kizima kitajaa ofisini kwa mtendaji. Wa judo akifanya hivyo tunasema anafundisha, na ni kweli anafundisha. Tumempa ruhusa ya kumshika mtoto, kumwangusha, kumkaba shingo, kumpiga kifuani na kumwamuru asilie. Ruhusa hiyo tunamkabidhi mtu ambaye mara nyingi tunachokijua juu yake ni rangi ya mkanda wake tu.

Simbo ni mahali ambapo chuo cha namna hii kinaweza kuanza wiki yoyote. Kata hiyo iko jirani na Ujiji, na ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Ilagala hadi Kalya. Vijana ni wengi. Michikichi na mpunga wa bonde la Luiche huwapa kazi ya msimu, na msimu ukipita jioni zao huwa ndefu. Kijana akirudi kutoka Dar es Salaam na mkanda mweusi haombi mengi: kiwanja cha shule baada ya saa kumi, ruhusa ya mwalimu mkuu, na wazazi watakaomwamini. Ndani ya mwezi mmoja ana wanafunzi. Nataka hilo litokee. Nataka pia tulipokee macho yakiwa wazi.

Karate ya Tanzania ilipata mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 kwa mkono wa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyekuja wakati ambao wenzake wengi waliiona Tanzania ya Mwalimu Nyerere kama nyumbani. Alifundisha mtindo wa Goju-ryu, ulioasisiwa Okinawa na Chojun Miyagi, aliyeishi kati ya 1888 na 1953. Dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, iliyojulikana kwa jina la Zanaki, ikazaa walimu waliokwenda kufungua za kwao. Zanzibar ikapata judo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia huku na kubaki. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania kwenye judo katika Olimpiki ya Paris, uzito wa kilo 73. Sambamba na njia hiyo ya walimu ilikuwapo njia nyingine, ya vibanda vya video, ambako Lufufu alitia maneno ya Kiswahili kwenye filamu za nje na watoto wakatoka nje wakirushiana mateke. Wengi wetu tuliijua karate kwa njia hii ya pili. Kibandani tuliliona teke, tusiuone mwaka mzima wa kufagia ukumbi uliolitangulia, wala mtu aliyesimama nyuma ya mwanafunzi akimwambia rudia.

Katika Goju-ryu kuna kata, yaani mfululizo wa mienendo ya mazoezi, iitwayo Sanchin. Haina teke la kuruka wala jambo la kumfurahisha mtazamaji. Mwanafunzi anavua koti, anasimama peku, vidole vya miguu vimegeukia ndani, magoti yamelegea kidogo, viwiko vimekaribia mbavu. Anavuta pumzi kwa pua na kuitoa polepole mpaka unaisikia ikikwaruza kooni. Anasogeza mguu hatua moja, anarudisha ngumi kiunoni, anaipeleka mbele taratibu kana kwamba inapita kwenye tope. Mwalimu anamzunguka. Anaweka viganja mabegani na kukandamiza. Anabonyeza misuli ya chini ya kwapa. Kisha anapiga makofi: mabega yote mawili kwa pamoja, mapaja, tumbo. Mlio unasikika hadi nje. Mwanafunzi hatakiwi kuyumba wala kuikatiza pumzi yake.

Mpita njia atasema mtoto anapigwa. Mwanafunzi mzoefu atakwambia anakaguliwa. Huenda wote wawili wamesema kweli, kwa sababu mkono ni uleule na mlio ni uleule. Mwalimu mzuri hupima mwili ulio mbele yake na kupiga kwa kadiri ambayo mwili huo unaweza kuipokea leo. Mwenye mkanda mweupe humgusa tu, amwoneshe palipolegea. Mwenye miaka kumi ya mazoezi humwongezea. Siku atakapopiga kwa sababu kijana alichelewa jana, au kwa sababu kuna wageni wanaotazama, kata imeshageuka adhabu, na ndani ya kata yenyewe hamna kitu cha kumzuia. Miyagi hakuweka humo kizuizi, na asingeweza kukiweka. Kizuizi kiko kwa mwalimu, na kwa watu waliomzunguka mwalimu.

Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba sanaa za mapigano zina maadili ndani yake, kwamba mpeleke tu mtoto na atarudi mtu. Waliotuletea sanaa hizi wanajua gharama ya imani hiyo. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 mjini Tokyo, katika chumba cha hekaluni chenye mikeka 12 na wanafunzi wachache, na alisisitiza kwamba mazoezi yawe kwa ustawi wa wote wawili, anayeangusha na anayeangushwa. Nia haiwezi kuwa njema kuliko hiyo. Hata hivyo, kwa hesabu ya mtafiti Ryo Uchida, kati ya 1983 na 2011 watoto zaidi ya 110 wa Japani walifariki katika judo ya shuleni. Wengi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wasiojua kuanguka, walioumia kichwa. Japani ni nchi yenye mikeka, hospitali na madaktari. Vitu hivyo havitoshi palipo na mwalimu anayeamini kwamba mtoto anayesema kichwa kinamuuma ni mvivu na aendelee.

Januari 2013 ikajulikana kwamba wanawake 15 wa ngazi ya timu ya taifa ya judo ya Japani walikuwa wamelalamika rasmi juu ya vipigo. Kocha wao mkuu, Ryuji Sonoda, alijiuzulu. Hao hawakuwa wanafunzi wa kijijini. Walikuwa wachezaji wa kiwango cha Olimpiki, watu wazima wenye uwezo wa kumwangusha mwanamume yeyote mtaani, na bado iliwabidi waungane kumi na watano ndipo wasikike. Mzazi aukumbuke mfano huo kila anapoambiwa kwamba karate itamfundisha binti yake kujitetea. Itamfundisha kumkwepa mtu wa barabarani. Kumkatalia mwalimu wake ni somo jingine, na chuo kisipolifundisha kwa makusudi halitajifundisha lenyewe.

Mwaka 2022 Shirikisho la Judo la Japani lilifuta mashindano ya taifa ya watoto wa shule za msingi, kwa kuona kwamba kiu ya ushindi imewazidi makocha na wazazi. Uamuzi huo nauheshimu sana. Ni vigumu mno kwa chama cha mchezo kufuta mashindano yake chenyewe. Ufaransa nayo, nchi yenye watu wengi zaidi waliosajiliwa katika judo kuliko Japani, ilipitisha sheria tangu 1955 kwamba mtu hafundishi judo mpaka awe na cheti cha serikali, hata mkanda wake ukiwa mweusi namna gani. Walielewa mapema kwamba kujua kupigana na kujua kufundisha ni vitu viwili.

Jirani zetu wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wana habari iliyo karibu zaidi nasi. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenganisha na familia yake akiwa mtoto. Alijificha msituni siku kadhaa kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa, na huko akajifunza judo. Amesema mwenyewe kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu wakati hakuwa na mzazi. Amesema pia kwamba walipokuwa wakishindwa, makocha waliwafungia siku kadhaa na kuwapunguzia chakula. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia pamoja na Yolande Mabika. Huko wakatoroka na kuomba hifadhi Brazili. Mwaka 2016 wote wawili walikuwa miongoni mwa wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, timu iliyoongozwa na Tegla Loroupe wa Kenya. Misenga alimshinda Mhindi Avtar Singh katika pambano la kwanza, kisha akatolewa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia.

Watu husimulia habari hiyo wakiitazama Rio, na wanayo haki, maana ni habari ya ushindi. Mimi hubaki Kinshasa. Kijana yuleyule, judo ileile, jambo moja likimlea na jingine likimfungia. Salamu za kuinama zilikuwapo, mikanda ilikuwapo, na bila shaka maneno juu ya heshima yalikuwapo pia. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mlango na kuuliza kwa nini kijana hajala.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 2015, machafuko ya Burundi yalipoanza, watu walikimbia pande mbalimbali. Makumi ya maelfu waliteremkia Kagunga, kijiji chetu kidogo ufukweni kaskazini, kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikazuka. MV Liemba ikafanya safari baada ya safari kuwaleta Kigoma, wakapokewa uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Wengine walikimbilia Rwanda, ikafunguliwa kambi ya Mahama. Mmoja wa waliofika huko ni Parfait Hakizimana. Alikuwa ameumizwa mkono wa kushoto akiwa mtoto, katika shambulio lililomuua mama yake. Alikuwa na mkanda mweusi wa taekwondo. Mahama alianzisha mafunzo kwa wakimbizi wenzake, na wanafunzi wakafikia kama 150. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kushindana katika Paralimpiki akiwa mmoja wa wachezaji sita wa timu ya wakimbizi.

Kwangu, wanafunzi wale 150 wana uzito zaidi kuliko Tokyo. Huyu ni mtu aliyeonja vurugu mwilini mwake, anayekaa kibanda cha kambini kama wanafunzi wake, na anayefundisha watoto wa watu ambao huko walikotoka huenda walikuwa pande mbili zinazochukiana. Katika taekwondo kila mwanafunzi hushika pedi ili mwenzake aipige. Mtoto wa huyu anamshikia mtoto wa yule, teke linapita sentimita chache kutoka usoni, na jioni wote wanarudi majumbani wazima. Kila zoezi la namna hiyo linawapa watoto sababu moja ya kuaminiana. Mwalimu asipokuwa makini, zoezi hilohilo linawapa nafasi ya kulipizana. Hakizimana alikuwa na kila sababu ya kufundisha kisasi, akafundisha kushika pedi.

Kwetu Kigoma, mkoa ambao umepokea wakimbizi kwa miongo, somo hilo halihitaji kutafutiwa matumizi. Lakini kuna kikwazo kikubwa tunachokibeba wenyewe, nacho ni fimbo. Kanuni za elimu za Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vikitolewa na mwalimu mkuu au aliyemteua, na kuandikwa. Kila aliyesoma shule hapa anajua kanuni hiyo inavyofuatwa. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa shuleni, na mwaka uliofuata mwalimu wake akahukumiwa kunyongwa. Tulisikitika, tukaendelea. Kijana anayefungua chuo cha karate Simbo amelelewa na fimbo hiyo, wanafunzi wake wanaijua, na wazazi wengine watamwambia waziwazi, "Mwalimu, huyu mnyooshe, nyumbani ametushinda." Akikubali ombi hilo, amekubali kuwa mchapaji wa kukodiwa, na mkono wake hautatofautisha tena Sanchin na hasira za baba wa mtoto. Jibu linalofaa kwa mzazi huyo ni la heshima na fupi: "Shikamoo mzee. Mtoto nitamfundisha. Kumchapa sitamchapa."

Chuo kikianza Simbo, mwezi wa kwanza wote uwe wa kujifunza kuanguka. Mwanafunzi achuchumae, kidevu akibane kifuani, ajilaze nyuma huku mkono ulionyooka ukipiga chini kabla mgongo haujafika, na kichwa kisiguse ardhi kabisa. Aanze akiwa amechuchumaa, halafu akiwa amesimama, halafu akiwa anatembea. Hatuna mikeka 12 ya Kano, lakini Luiche ina mpunga na mpunga una pumba. Magunia ya pumba yaliyopangwa vizuri na kufunikwa turubai lililokazwa yanaupokea mgongo wa mtoto vizuri kuliko uwanja mkavu wa Agosti. Mwenye mkanda mweupe asiangushwe kinyumenyume na mkubwa, kwa hali yoyote. Anayelalamika kichwa akae pembeni, mzazi aitwe, na asirudi mpaka zahanati iseme. Gharama ya hatua zote hizo ni ndogo. Kinachohitajika ni mwalimu asiyeona aibu kuwaambia wageni waliokuja kutazama mateke kwamba mwezi huu watatazama watoto wakianguka.

Salamu nayo izungumzwe mapema. Waislamu ni wengi upande wetu, na wapo wazazi ambao hawataki mtoto ainamie mtu au picha ya mwasisi ukutani. Hawana ugomvi na heshima. Wana mpaka wao wa ibada, na ni mpaka wa kweli. Mkono kifuani na jina la mwenzako likitajwa vizuri vinatosha. Tena kijijini mtoto huwa ameshamwamkia mwalimu kabla hajavua viatu, na mwalimu ameshaitikia marahaba, kwa hiyo heshima inakuwa imeingia ukumbini kabla ya desturi yoyote ya Okinawa. Vazi la wasichana lina jibu lake pia: Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia alishindana judo katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa amefunika kichwa. Kinachowatoa wasichana mazoezini huku kwetu mara nyingi ni saa. Mazoezi yakiisha giza limeingia, mama hatamruhusu binti, na mama yuko sahihi. Yaishe saa kumi na moja na nusu, hata kama wavulana wangependa kuendelea.

Ada ifuate mavuno. Familia inayouza mawese na mpunga haina fedha kila mwisho wa mwezi, na mtoto anayefukuzwa kwa sababu ya ada ya Machi harudi baada ya mavuno, kwa sababu ameshaona aibu. Hapo ndipo chuo huanza kubakiza watoto wa wenye mishahara peke yao, na jina la chuo cha jamii linabaki kwenye bango.

Nani basi amkague mwalimu? Sheria ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa, vyama vya michezo vina usajili wake, wilaya ina afisa michezo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda mtoto popote alipo. Chuo kisajiliwe, nami sitaki njia ya mkato. Ila fimbo ya mbali haiui nyoka. Afisa wa wilaya hatakuja Simbo kila Jumanne saa kumi jioni. Anayepita pale kila Jumanne ni mama anayetoka shamba, ni mzee anayekaa barazani ng'ambo ya barabara, ni mwalimu mkuu aliyeachia kiwanja. Mlango wa mazoezi uwe wazi kwao siku zote, na mwalimu anayesema wazazi wanawavuruga wanafunzi asipewe kiwanja.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo ningependa habari za chuo zisomwe, na mwalimu mwenyewe azisome mbele ya watu. Asome waliopanda daraja, tuwapigie makofi, maana wamelitolea jasho. Kisha asome walioanza na wale walioacha, wavulana wangapi na wasichana wangapi, na sababu walizotoa. Asome majeraha yote, hata kifundo cha mguu kilichoteguka, na alichofanya baada ya kila moja. Asome fedha zilizoingia na zilizotumika, pamoja na ada ya mtihani wa mkanda na mahali ilipokwenda. Aseme kama kuna malalamiko dhidi yake na nani aliyasikiliza, na mtu huyo asiwe mwanafunzi wake wala ndugu yake. Mtendaji akiyaandika hayo katika muhtasari wa mkutano, miezi mitatu baadaye mzazi yeyote anaweza kunyoosha mkono na kuuliza yamefikia wapi, na mwalimu itambidi asimame ajibu.